Vijiko Viwili vya Shangazi Verna

Nyumbani kwetu siku haikuanza kwa chai. Ilianza kwa kijiko. Saa moja kasorobo asubuhi, theluji ikiwa imeziba nusu ya dirisha, Bibi Triffie alisimama kando ya jiko la kuni na chupa yake ya kijani, mimi nimepanua mdomo. Kijiko kikubwa cha mezani, kimejaa mafuta ya ini la samaki mpaka ukingoni.

"Meza, Brenna. Na usinikunjie uso."

Nameza. Halafu ndiyo napewa maandazi ya moto yaliyomwagiwa molasi, ile sharubati nyeusi ya miwa, nayo yote yananuka samaki. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, naishi na Bibi kwa sababu baba na mama walikuwa kazini Alberta, upande wa pili wa Kanada, kama wazazi wa nusu ya darasa letu. Bibi nilimpenda. Mafuta yake niliyachukia, na sioni sababu ya kuwaficha.

"Nimelea watoto tisa kwa mafuta haya," Bibi alipenda kusema, "na hakuna hata mmoja mwenye matege."

Mwaka Mpya ulipopita, foleni ya kijiko iliongezeka mtu. Shangazi Verna, mdogo wake baba, alikaa nyumba ya pili na kufanya kazi posta. Yeye na mumewe Hayward walikuwa wametafuta mtoto miaka minne. Daktari wa mjini aliwaambia hawana kasoro yoyote, waendelee tu. Bibi akaamua kwamba kilichokosekana ni nguvu. Basi kila asubuhi Verna alipewa vijiko viwili.

"Kimoja chako, kimoja cha mtoto anayekuja," Bibi alimwambia, na Verna alivinywa huku amefumba macho. Juu ya hayo alimeza vidonge vya nywele na kucha alivyopewa na wifi yake, kwa sababu kwenye kopo paliandikwa vitamini. Hakuna aliyemcheka. Sote tulimtaka yule mtoto.

Siku moja Mwalimu Gushue alituambia tulete lebo ya kitu tunachokula nyumbani, tufanye nayo hesabu. Chupa ya Bibi haikuwa na lebo. Ilikuwa ya mama yake, na Bibi alikuwa akinunua mafuta dukani na kuyamimina humo kwa sababu, alisema, plastiki inaharibu ladha. Ladha gani, Mungu wangu! Nikafukua pipa la taka nikatoa ile chupa ya plastiki ya dukani.

Kwenye lebo paliandikwa hivi: kijiko kimoja cha chai kina mikrogramu 1,350 za vitamini A. Vijiko vitatu vya chai vinajaza kijiko kimoja cha mezani. Basi cha mezani ni 4,050, na viwili ni 8,100. Nikafungua kitabu chetu cha afya. Kikomo cha vitamini A kwa mtu mzima kwa siku ni 3,000. Na chini ya lebo, kwa herufi ndogo kama chawa, palikuwa na onyo: mwenye mimba au anayetarajia kupata mimba asitumie kabla ya kumwona daktari.

Nilirudia hesabu mara tatu. Nilitamani nikosee.

Jumatatu asubuhi jikoni tulikuwa wanne. Mzee Leander, jirani yetu, alikuwa ameshaingia bila kubisha hodi kama kawaida ya watu wa kwetu, akajinyoosha kwenye kochi kando ya jiko. Bibi akainua kijiko cha kwanza cha Verna.

"Shangazi, usinywe," nikasema.

Bibi akageuka polepole. "Unasemaje?"

"Yamezidi, Bibi. Karibu mara tatu ya kikomo. Vitamini A ikizidi namna hii inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Imeandikwa. Hii hapa lebo."

"Hee!" Mzee Leander akaketi wima. "Triffie, umepata daktari ndani ya nyumba! Daktari, hebu niangalie na goti langu."

"Mzee Leander, mimi sikuja kuchekesha."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, binti."

"Na mkuu asiposoma lebo, guu linavunjika la nani?"

Mzee Leander akatoa macho. Hata mimi nilishtuka kwamba maneno yale yametoka kinywani mwangu. Bibi aliweka chupa mezani kwa kishindo.

"We mtoto! Nimelea watu kwa mafuta haya kabla mama yako hajazaliwa. Leo unasimama jikoni kwangu kuniambia nawapa watu sumu? Omba radhi. Sasa hivi."

"Naomba radhi kwa kukupandishia sauti, Bibi. Kwa hesabu siombi."

"Basi hakuna kwenda kucheza hoki ya barafuni mpaka uiombe."

"Sawa."

Nilimtazama Verna. Nilijua atanitetea. Shangazi yangu akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akachukua kijiko akakinywa. Akanywa na cha pili. Ili amani iwepo. Nilitoka bila kula na nikalia njia nzima mpaka shuleni, kwa hasira, si kwa huzuni.

Nesi Philomena alifika kijijini kwetu kila Jumatano na kufungua zahanati kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa. Jumatano ya wiki hiyo, wakati wa chakula cha mchana, nilimpelekea daftari langu. Alipitia hesabu kwa kalamu, mstari kwa mstari.

"Hukukosea," alisema. "Mwambie shangazi yako aache vyote mpaka nimwone. Wiki ijayo aje na kila kitu anachomeza, akitie kwenye mfuko mmoja. Usimtishe."

Nikaenda posta moja kwa moja. Verna alikuwa anapanga barua. Nilimpa salamu za nesi, naye akaanza kuzungukazunguka: unajua Bibi yako alivyo, unajua moyo wake. Niliambiwa nisimtishe. Sikuambiwa nisimuulize.

"Shangazi, ile Jumatatu ulikunywa kwa ajili ya mtoto, au kwa ajili ya Bibi?"

Aliweka barua chini. "Kwa ajili ya Bibi," akasema, na machozi yakamtoka. Kesho yake hakuja jikoni, wala keshokutwa yake. Bibi alipiga masufuria kama vile ndiyo yaliyomkosea. Jumamosi timu yetu ilicheza bila golikipa wake, yaani mimi, ikafungwa saba kwa moja. Nilikaa dirishani nikasikia kila kelele ya wenzangu, na bado sikuomba radhi.

Jumatano iliyofuata Verna alifunga mfuko wake. Bibi naye akavaa koti.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kumtia adabu huyo nesi wako."

Tukaenda sote watatu. Nesi Philomena alimpima Verna kwanza. Hakuwa na mimba bado, na nesi akasema ni vizuri, maana wamekuja mapema. Kisha akapanga chupa na makopo mezani.

"Mama Triffie," alianza, "mafuta haya si adui. Enzi zile za baridi bila jua, yaliokoa mifupa ya watoto wengi. Lakini kipimo chako ni kikubwa, hata kwa huyu Brenna. Kwa mwanamke anayetafuta mtoto ni hatari, na vidonge hivi vya nywele vina vitamini A hiyo hiyo. Vinajumlishana." Akavisogeza pembeni. "Sasa nionyesheni chenye asidi ya foliki."

Verna alisoma kopo lake. Mimi nikasoma lebo ya mafuta. Hakuna.

"Unaona? Unameza vingi, na kile unachokihitaji kuliko vyote hakimo. Asidi ya foliki, mikrogramu mia nne kwa siku, uanze walau miezi mitatu kabla ya mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki za mwanzo kabisa, mama mwenyewe mara nyingi hajajua kama ana mimba. Ukisubiri mpaka ujue, umechelewa. Chukua kidonge hiki cha wajawazito, kimoja tu kwa siku. Hakileti mtoto, nisikudanganye. Kinamwandalia mahali."

Bibi, aliyekuja kugombana, alikuwa amevua kofia yake ya sufu. Aliikunja na kuikunjua.

"Mgongo usipofunga," aliuliza, "mtoto anazaliwa na kidonda hapa? Chini ya kiuno?"

"Ndiyo, mama."

"Clarence wangu alizaliwa hivyo. Aliishi siku mbili. Mkunga alinifunika uso nisimwone." Sauti yake ilikuwa kavu. "Niliambiwa nilibeba kuni nzito. Miaka hamsini na mitatu nimejilaumu kwa zile kuni."

Verna alipiga magoti akamkumbatia. Hakuwa amewahi kulisikia jina hilo, wala mimi.

"Si kuni," nesi alisema. "Na si wewe. Siku hizo hakuna aliyejua, hata madaktari. Na hata leo, mama anaweza kufanya yote sawa na bado ikatokea. Lakini sasa tunajua jinsi ya kupunguza hatari, na wewe umemleta binti yako."

"Sikumleta mimi," Bibi akasema, akanielekezea kidole. "Kaletwa na huyu mbishi."

Tulirudi kwa miguu mpaka kwenye kilima. Hapo Bibi akasimama kupumua, akanishika bega.

"Jumamosi nenda ukacheze. Na usikilize. Heshima ni kusema ukweli kwa adabu, si kumeza uongo ili mkubwa afurahi. Ulinipandishia sauti, ukaomba radhi, imekwisha. Lakini hesabu yako ilikuwa sahihi, na mimi nilikuadhibu. Hapo nilikosa. Nisamehe."

Sikuwa nimewahi kumsikia akimwambia mtu neno hilo, na sikujua niweke wapi macho yangu.

Jumapili, baada ya ibada, watu walijaa ukumbini wakinywa chai. Bibi alimwona msichana aliyeolewa mwezi uliopita. Akapasua njia katikati ya wazee wa kanisa.

"Wewe! Unameza asidi ya foliki?"

Msichana akawa mwekundu. Wanaume wakatazama vikombe vyao. Mchungaji akakohoa.

"Kohoa tu, Mchungaji," Bibi akasema bila kugeuka, "wewe si utaletewa hao watoto uwabatize?" Akauvuta mkono wa yule msichana. "Humezi? Nesi yuko pale chumba cha nyuma kila Jumatano. Soma lebo, uliza, na ukiona aibu niite mimi nikuulizie. Tulinyamaza mno sisi, na kunyamaza kwetu hakukuokoa hata mtoto mmoja."

Verna, aliyekuwa anamimina chai, aliliweka birika chini, akaenda kusimama kando ya mama yake.