Nakala ya Pili

Getini pa ukumbi wa mahafali hapakuwa hata na pa kuweka mguu, na mpiga picha, akirudi kinyumenyume kamera jichoni, akamkanyaga mtu.

"We kaka! Una macho ya mbele tu?"

Alikuwa nesi mpya, joho jeusi juu ya gauni la rangi ya maziwa, kiatu kimoja mkononi. Amekunja uso, lakini kicheko kinamponyoka. Mpiga picha akampiga picha tatu za kuomba radhi, akaahidi kumletea kesho yake. Zilifika baada ya wiki mbili.

"Karibu, Bwana Kesho," nesi akasema, na jina likaganda.

Walipendana, jamani! Simu asubuhi, simu mchana. "Umekula, mpenzi?" "Sijala, nakuwaza." "Niwaze umeshiba." Ila kazi ya huyu bwana ilikuwa vurugu tupu: kadi moja ya kamera mfuko wa shati, nyingine ndani ya soksi. Akirudi hutupa begi kitandani. Kuhamisha picha? Kesho.

Mama yake nesi alikuwa mgonjwa. Jumapili moja akajikaza, akavaa gauni lake la kijani, akaketi dirishani. "Nipige vizuri, mwanangu. Huyu binti hana picha yangu hata moja ninayocheka." Akacheka. Siku ya nane akafariki.

"Mpenzi, niletee picha ya mama," nesi alisema kwenye simu.

Mpiga picha akaisaka kadi, akaipata. Ndani mlikuwa na harusi ya watu wengine. Alikuwa ameifuta mwenyewe Jumamosi, akidhani amekwisha kuihamisha.

Angesema palepale! Lakini aibu ilimziba mdomo. Akadai kompyuta iko kwa fundi, kisha akaacha kupokea simu. Nesi akamzika mama yake bila picha, akiamini mwenzake kapata mwanamke mwingine.

Mwezi ulipopita, mpiga picha akamngoja nje ya hospitali, akamwambia yote.

"Kumbe!" Nesi akashika ukuta. "Mimi nalia nimeachwa, kumbe umemfuta mama yangu? Kukosea, kila mtu hukosea. Lakini kunikimbia siku ninayozika? Nenda."

Akaenda. Majuto ni mjukuu, na huyu alihamia kabisa na begi lake.

Tangu siku hiyo, akitoka kazini, kabla ya kuvua viatu anahamisha picha. Anazihesabu. Anaandika tarehe na jina la mteja. Anatoa nakala ya pili kwenye diski nyingine. Kadi anaifunga utepe mwekundu, haifutwi mpaka mwenye picha azione kwa macho yake. Awe na homa, awe amechoka, utaratibu ni uleule.

Mwaka ulipokaribia kwisha, nesi akaingia studio, amemshika baba yake mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeletwa."

"Mwenzangu wa wodini anasema ulimpigia simu mara nne aje aone picha zake kabla hujafuta," nesi akasema. "Nikamwambia, huyo si yeye. Haya, mpige baba. Sitoki mpaka umalize."

Akamtazama akihamisha, akihesabu ishirini na mbili, akiandika.

"Na hiyo diski ya pili unaiweka wapi?"

"Kabatini hapo."

"Nyumba ikiungua?"

"Inatakiwa ikae nyumba nyingine. Sina wa kumwachia."

Machozi yakamtiririka nesi. "Picha ya mama hairudi."

"Hairudi. Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Lakini itaniuma, na nitakulilia wewe huyohuyo, usije ukakimbia tena."

"Sikimbii."

Akanyoosha mkono. "Lete. Itakaa kwangu."

Mzee akakohoa kitini. "Na mkishaoana, mkawa nyumba moja?"

Mpiga picha akafungua mdomo, lakini nesi alikuwa amekwisha kumwahi.

"Itakaa kwako, baba."