Vidonge vya Mama na Maneno ya Mtafsiri

Kazi ya Chiriku ilikuwa moja tu, na hata mtoto wa darasa la kwanza angeiweza: kila jioni, baada ya chakula, kumpelekea mama yake kidonge kimoja cheupe na kikombe cha maji. Basi. Lakini Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, aliifanya kwa kununa kana kwamba ameambiwa ahamishe mlima.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake. Akishakanyaga cherehani, dunia nzima aliisahau.

"Nimekunywa dawa?" aliuliza kila jioni, macho kwenye sindano.

"Bado, Mama! Kikombe kiko mbele yako tangu saa ile!"

"Ala! Kumbe!" Mama alicheka, akameza.

Miaka mitatu nyuma mama huyu aliugua ugonjwa wa akili. Alisikia sauti za watu wasiokuwepo, akalazwa hospitali miezi miwili. Tangu aanze vidonge alikuwa mzima kabisa: anashona, anatania, anagombana na wateja wanaoleta kitambaa leo na kutaka nguo jana. Kila Jumapili dada yake, ambaye Chiriku alimwita mama mkubwa, alikuja kuhesabu vidonge vilivyobaki. Chiriku alipouliza vidonge hivyo ni vya nini hasa, aliambiwa, "Mama anaumwa kichwa kidogo. Nenda kacheze." Mtoto wa kuambiwa akacheze, bila shaka atakwenda kutafuta majibu kwingine.

Na kweli aliyapata kwingine. Jumamosi moja mchana, rafiki yake Mapengo alimwita kwao kutazama filamu ya kutisha. Ilikuwa ya kigeni, lakini kinyozi wa mtaa ule alikuwa na kazi ya pili: aliziwekea filamu sauti yake kwa Kiswahili, akaziuza. Humo ndani mama mmoja aliishi katika nyumba kubwa, akizungumza na ukuta, akiwaona watu kwenye vioo. Bintiye alijificha chini ya meza akitetemeka. Juu ya yote hayo kinyozi alipiga kelele: "Watazamaji wangu! Mnaviona vidonge hivyo? Ndivyo vinavyomtia wazimu! Daktari anammaliza polepole! Bibi alianza, mama akafuata, sasa ni zamu ya binti!"

Umeme ukakatika hapo hapo. Mapengo alisonya, akatoka kucheza mpira. Chiriku alibaki kwenye kochi. Mama anazungumza peke yake, kama wake alivyokuwa mwaka ule wa kulazwa, vidonge vyeupe, zamu ya binti. Ni kwetu kabisa hapa, aliwaza.

Sasa, mtoto mwenye busara angekwenda kumuuliza mama yake. Chiriku, ambaye aliuliza kila kitu kuanzia bei ya uzi mpaka umri wa mwalimu mkuu, siku hiyo alifunga mdomo. Aliamua kumwokoa mama yake mwenyewe. Jioni mama alipouliza, "Nimekunywa dawa?" yeye alijibu neno moja: "Umekunywa."

Mama aliamini, kwani angekosaje kumwamini mwanawe? Kidonge kikaingia ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa. Kesho yake kikaingia kingine. Jumapili mama mkubwa alihesabu, hesabu ikatimia, akamsifu Chiriku kuwa ni mtoto wa kutegemewa. Chiriku alitazama chini.

Wiki ya pili mama alianza kubadilika. Alikuwa na kazi kubwa, mashati arobaini ya shule, na mteja angeyachukua mwisho wa mwezi. Usingizi ukampotea. Chakula akakisukuma pembeni. Kisha akaanza kunyamazisha chumba kisicho na mtu: "Hebu nyamazeni, nashona!"

Alasiri moja Chiriku alirudi kutoka shuleni, akakuta mashati yamepangwa sakafuni, moja juu ya jingine. Alichukua moja ili alikunje. Mkono wa shati ulikuwa umeshonwa mwisho wake, pale pa kutokea kiganja. Akachukua la pili, la tatu. Yote yalikuwa yamezibwa, kwa mshono mzuri ulionyooka.

"Mama, mbona umeziba mikono?"

"Inanisema," mama alinong'ona. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nikigeuka tu, mikono inanisema. Nimeifunga midomo."

Chiriku alilirudisha shati sakafuni. Na je, alijifunza? Wapi! Alijiambia kwamba sumu ya vidonge bado imo mwilini, avumilie siku chache itoke yote. Akiamua jambo huyo, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Mama mkubwa alikuja, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Dawa anakunywa?"

"Anakunywa, Mama mkubwa."

"Basi mimi sielewi! Anakunywa, na hali ndiyo hii! Labda dawa imemkataa. Kesho nampeleka, wakimlaza wamlaze." Alitoka nje akafuta machozi kwa upande wa kanga yake, akiwa amechoka na kukasirika bila kumjua wa kumkasirikia.

Neno "wamlaze" lilimkata Chiriku maini. Alikimbia mpaka kwa kinyozi, akamkuta ananyoa kichwa cha mzee mmoja.

"Shikamoo, Mjomba. Ile filamu ya mama na vioo, mwisho wake nini? Akishaacha vidonge anapona baada ya siku ngapi?"

"Marahaba. Mwisho?" Kinyozi alicheka mpaka mashine ikatetemeka, na mzee akafoka, "Angalia sikio langu!" Kinyozi akaendelea, "Mwanangu, lugha ile naijulia wapi mimi? Naangalia midomo inavyokwenda, natia chumvi, watu wafurahi."

"Lakini ulisema vidonge ndivyo vinamtia wazimu!"

"Nilisema? Lo! Hata sijui kama vilikuwa vya kichwa au vya minyoo."

Chiriku alihesabu kwa vidole. Siku kumi na moja! Siku kumi na moja amemdanganya mama yake kwa sababu ya mtu aliyekuwa akibuni! Alitaka kumpigia kelele kinyozi, lakini kinyozi hakumtuma aseme "Umekunywa." Alikimbia kurudi nyumbani akilia njia nzima.

Alimkuta mama mkubwa anakunja nguo za kwenda nazo hospitali. Alimwaga kopo la vifungo juu ya meza. Kati ya vifungo vyeusi na vya bluu, vidonge kumi na moja vilionekana vyote.

"Dawa haijamkataa. Ni mimi. Nilimwambia amekunywa, na hakunywa. Kinyozi alisema kwenye filamu kwamba vidonge vinatia wazimu, nikamwamini."

Mama mkubwa aliviangalia, akamwangalia, akakaa kitini puu. "Ewe mtoto! Yaani nimelia siku zote hizi, kumbe daktari wa nyumba hii ni kinyozi!" Alipaza sauti mpaka akaishiwa pumzi. Kisha akavikusanya vidonge kimoja kimoja. "Twende wote. Utamweleza daktari kwa mdomo wako huo huo. Asingejua haya, angembadilishia dawa bure."

Kesho yake, hospitalini, Chiriku alieleza yote. Daktari hakumgombeza. Alimrudisha mama kwenye dawa yake, akamlaza siku chache, akasema kwamba ukweli ule, ingawa umechelewa, umemsaidia kujua la kufanya. Mteja aliombwa asubiri, akasubiri kwa kulalamika. Chiriku na mama mkubwa walikaa kila alasiri wakifumua mikono themanini ya mashati, uzi kwa uzi, vidole vikiwauma.

Ilipita miezi miwili kabla mama hajarudi kuwa mama. Siku hiyo alimwita Chiriku akae karibu naye. Hakuwa akicheka.

"Umenikasirisha sana. Kuugua si aibu. Kichwa huugua kama tumbo linavyougua, na dawa husaidia. Lakini mimi jioni nakutegemea wewe uniambie kweli, nawe ukanidanganya. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa, Mama. Na kila nikiuliza naambiwa nikacheze."

Mama alivuta pumzi. "Hapo kosa ni letu sisi wakubwa. Tulikunyima ukweli, ukaenda kuokota uongo. Basi uliza sasa."

Chiriku alimsogelea zaidi. "Na mimi nitaugua kama wewe?"

"Sijui, mwanangu," mama alisema. "Wengi hawaugui, hata kama mzazi anaugua. Ila siku ukisikia sauti usizozielewa, au ukaogopa kitu bila sababu, usijifiche nacho. Utakuja kwangu, utaniambia kweli, nami nitakwambia kweli, na tutakwenda kutibiwa mapema. Mgonjwa akiambiwa kweli na watu wake, anapona. Uongo ndio uliotaka kuniua."