Santuri ya Matangani

CD haikwaruzi. Inaweza kurukaruka, inaweza kukwama na kurudia neno moja mpaka uone aibu kwa niaba ya mwimbaji, lakini ule mkwaruzo wa sindano juu ya santuri, kama mtu anakaanga karanga chumba cha pili, hauihusu. Kwa hiyo Vitus alipousikia, alifumbua jicho moja akatazama mashine. Santuri ilikuwa imelala ndani ya ganda lake. Kilichokuwa kikizunguka ni CD. Hakushtuka kama alivyopaswa kushtuka, maana mtu aliyetoka kuzika mtoto huwa hana tena akiba ya kushtuka.

Vitus alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki hapo Mlandege, Iringa mjini, na ugonjwa mmoja usio na dawa: muziki. Na si muziki wa kuchezeka, huo angalau majirani wangemwelewa. Rafiki yake Vishal, mtoto wa mzee Arvind muuza vifaa vya umeme, alirudi kutoka masomoni Ulaya na santuri ya vijana wa Kizungu ambao, kwa maelezo yake, walipiga magitaa huku wakitazama viatu vyao. Akamwachia. Magitaa hayo yalitanda kama ukungu wa mwezi wa saba, na chini kabisa ya ukungu aliimba mwanamke ambaye maneno yake hayajawahi kushikwa na mtu. Juliana, mkewe Vitus, mwimbishaji wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha waumini wanaosinzia viti vya nyuma, alipousikia mara ya kwanza aliuliza kama mashine ya kusaga imehamia sebuleni.

Aliyeupenda ni Anjela, binti yao wa pekee, aliyekuwa akisoma chuo Mbeya. Likizo moja alirudi na CD ya albamu ileile, kaiokota kwenye meza ya mitumba sokoni Mwanjelwa, na tangu siku hiyo nyumba ikapata ubishi wake.

"Santuri ina nyama," Vitus alikuwa akisema. "Unamsikia yule mama anavuta pumzi kabla hajaimba."

"Baba, wewe unapenda vumbi tu. Kwenye CD kila gitaa unalisikia lilipo."

"Nani kakwambia magitaa haya yanataka kusikika yalipo?"

Wakatunga mchezo. Mashine zote mbili ziliungwa kwenye amplifaya moja yenye swichi. Baba anakaa akizipa mgongo, uso ukutani. Binti anasimama nyuma yake, anabonyeza swichi, anamgusa bega: "Baba, ipi hiyo?" Na ukweli usemwe, Anjela alikuwa mwongo wa kutupwa. Baba akipatia anaambiwa kakosea, akikosea anapigiwa makofi, kisha kicheko kinamtoroka binti mwenyewe na mchezo unaharibika. Hakuwahi kuucheza kwa haki mpaka mwisho.

Homa ya uti wa mgongo ikamchukua hukohuko Mbeya. Vitus alikuwa njiani kumfuata. Basi lilikuwa limesimama Chimala, abiria wakishindana bei ya mchele dirishani, simu ikaita.

Walimzika Kalenga, kwenye shamba la ukoo. Shangazi Yusta, dada wa baba yake Vitus, ndiye aliyeongoza msiba. Bibi huyo ni mzee wa kanisa Jumapili, na siku nyingine watu humfuata kwa mambo ambayo mchungaji hayaulizi. Alipoingia nyumbani Mlandege, kabla hajavua hata viatu, alichomoa waya wa redio na kuifunika televisheni kwa kitenge.

"Nyumba hii haipigi muziki mpaka matanga yaanuliwe," alisema. "Mkitaka kuimba, imbeni wote. Mkilia, lieni wote. Mtu asiwe na wimbo wake peke yake humu ndani. Mnanisikia?"

Walimsikia. Lakini Vitus alikuwa na hedifoni, tena nzuri, za kufunika sikio zima. Akajisemea kwamba muziki unaosikiwa na mtu mmoja si muziki wa nyumba. Ni sawa na kuwaza tu. Wanawake wakiwa uani wanachambua mchele, wanaume wakiwa nje kwenye moto, yeye akajifungia sebuleni mchana kweupe, akakaa kwenye kiti kilekile akiutazama ukuta, akaweka CD ya mwanawe. Ndipo ilipokwaruza.

Baada ya mkwaruzo ikaja pumzi, pumzi ya mtu anayetaka kuimba. Chumba kikanuka udongo uliotoka kuchimbwa, wakati nje mvua haijanyesha tangu Mei. Kitu kikamgusa bega.

"Baba, ipi hiyo?"

Mwingine angepiga kelele. Vitus machozi yalimtoka kwa furaha.

"CD, mama," akajibu kwa kunong'ona.

"Umepatia, Baba."

Hivyo ndivyo alivyoitikia. Na mwenye kuitikia amekwisha kufungua mlango.

Wageni walipotawanyika, Vitus akawa anafunga duka mapema. Kila alasiri alikaa kwenye kile kiti, hedifoni masikioni, akisikia swichi nyuma yake ikilia *tk*, kutoka santuri kwenda CD, kutoka CD kurudi santuri. Hakugeuka hata siku moja. Alijua kwamba akigeuka atakuta hakuna mtu, naye alitaka mtu awepo. Akasikia jambo jingine tena, akalifurahia kama mjinga: yule mwanamke wa kwenye albamu, aliyezama chini ya magitaa miaka yote, alikuwa anapanda. Kila siku sauti yake ilisogea juu kidogo, ikawa nyororo zaidi, na ilikuwa ya Anjela.

"Baba Anjela," Juliana alimwambia jioni moja jikoni, "koo langu halinitaki."

"Umelia sana. Kunywa tangawizi."

"Siumwi. Ila sauti inashuka. Ni kama mtu anaivuta."

Hospitali walimmulika kooni wakasema ni zima kabisa. Jumapili alisimama mbele ya kwaya, akanyanyua mkono, akafungua kinywa, ukatoka upepo mtupu. Wanakwaya wakainamisha vichwa, wakadhani ni uchungu. Na ulikuwa uchungu, lakini si huo tu.

Alasiri moja akaingia sebuleni bila kubisha. Mumewe hakumsikia. Juliana alinusa ule udongo, akatazama swichi ikijisogeza yenyewe, *tk*, na kwa ujasiri ambao mimi nisingekuwa nao akamvua mumewe hedifoni, akazivaa. Akasikiliza. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka shingoni.

"Hiyo sauti ni yangu," alinong'ona.

"Ni Anjela, Mama Anjela. Msikilize vizuri. Ni mtoto."

"Anjela alirithi kwangu, najua. Lakini hapo anapovuta pumzi, hapo ni mimi. Naijua pumzi yangu." Akamshika magoti. "Kinachukua kwangu kinakupa wewe. Acha, baba. Nakuomba."

Vitus alimtazama mke wake, na jambo hili lisifichwe: alipima. Huku mke wa miaka yote aliye hai, huku mtoto aliye chini ya udongo anayemwita Baba, naye mwanaume akakaa akapima.

"Kesho nitaacha," akasema.

Kesho hakuacha. Keshokutwa Juliana alishindwa kumeza uji. Hata kuhema kwake kukawa kwa mbali, ungedhani yuko nyuma ya ukuta, na alipomwangalia mumewe midomo yake ilitengeneza jina la Vitus bila kutoa kitu. Hapo ndipo hofu ilipompata mtu huyo, hofu halisi, ya kuchelewa. Akampandisha Juliana pikipiki, mbio mpaka Kalenga.

Shangazi Yusta alikuwa anapura maharage.

"Kamwene, Shangazi."

"Kamwene." Akamtupia Juliana jicho, hakuacha kupura. "Nani kapiga muziki?"

Vitus akapiga magoti palepale kwenye maganda, akasema yote.

"Masikioni," bibi akasema polepole. "Nilichomoa redio, nikafunika televisheni, wewe ukautia muziki masikioni. Mwanangu, nyumba ya msiba ina ufa. Tunanyamaza wote ili kisipite kitu. Wewe umekiwekea kiti."

"Si yeye, Shangazi? Si Anjela hata kidogo?" Akamshika pindo la kanga. "Haliwezi kuwa lisoka, mzimu wa ukoo?"

"Lisoka la kwetu lingekuja kwa ukoo wote, na jina lake, tungelitengea ugali. Hili linakuja kwa mmoja, na linakula. Hilo ni jini. Nyanyuka, twende. Uliyeliitikia ndiye wa kulikana."

Walifika Mlandege jua bado liko juu. Shangazi alifungua milango na madirisha yote. Juliana wakamkalisha kochini, shuka begani, midomo imekauka. Bibi akachomoa hedifoni kwa mkono wake.

"Limekuja kwa sikio la mtu mmoja. Litoke kwa masikio yetu sote. Washa hicho kidude chako. Kaa kama unavyokaaga."

Magitaa yakajaa chumbani, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Udongo ukanuka mpaka machozi yakawatoka. Juu ya magitaa, karibu mno, sauti ikasema, nao wote watatu wakaisikia:

"Baba, ipi hiyo?"

Juliana akajikunja kama aliyepigwa tumboni.

"Santuri," Vitus akajibu.

"Umepatia, Baba." *Tk.* "Na hiyo?"

"CD."

"Umepatia."

Vitus alifumba macho. Alikuwa amejua muda mrefu, pengine tangu siku ya kwanza, ila kujua na kukubali ni majirani wasiosalimiana.

"Mwanangu angekuwa ameshanidanganya," alisema. "Anjela alikuwa hawezi mchezo huu. Angeniambia nimekosea, halafu angecheka. Wewe hujacheka hata siku moja."

Magitaa yakaendelea. Kisha kitu nyuma yake kikaanza kusema, kwanza polepole halafu kwa kasi, kwa sauti ya Anjela akiwa chuo na Anjela akiwa na miaka minne na Anjela akiwa na homa, kikasema Baba huku Kalenga kuna baridi, Baba udongo una maji, Baba uliishia Chimala na mimi nilikuwa nakuulizia kwa manesi umefika wapi, Baba nikiondoka sasa hutanisikia tena mpaka ufe na hata ukifa hakuna aliyekuahidi kwamba utanisikia, Baba usigeuke, Baba nipe siku moja tu, yeye ameshaimba miaka mingi na mimi sijaimba, nipe tu hicho kidogo kilichobaki kooni kwake, Baba, wewe si ulisema unanipenda kuliko wote, Baba, ipi hiyo, ipi hiyo, ipi hiyo.

"Vitus!" Shangazi akaita kwa ukali wa chini kwa chini. "Anakwisha huyu!"

Vitus akageuka.

Hapakuwa na mtu. Swichi ilikuwa imeshindiliwa chini na kidole kisichoonekana. Na mbele ya mashine, pale Anjela alipozoea kusimama, zulia lilikuwa limebonyea. Halikubonyea kwa nyayo mbili wala kwa kwato. Lilibonyea mahali pamoja padogo pa mviringo, kana kwamba kitu kile kilisimama juu ya ncha moja tu, mfano wa sindano.

"Mimi ndiye niliyekuitikia," akasema, "na mimi ndiye ninayekukana. Wewe si mtoto wangu. Mtoto wangu amekufa." Hakuwa amewahi kulitamka neno hilo. Lilipotoka, likatoka na kilio, kilio cha kuangusha mtu, na Shangazi Yusta akakidaka kwa kilio chake, na majirani waliosikia kutoka uani wakakiitikia bila kujua wanalia nini, mpaka magitaa yakafunikwa.

Zulia likainuka taratibu. Harufu ikatoka dirishani. Mashine zikazima zenyewe.

Juliana akakohoa. Rangi ikamrudia usoni, akavuta pumzi ndefu kwa kifua chake chote, na Vitus akatambaa mpaka miguuni pake.

"Maji," Juliana akasema. "Naombeni maji."

Hakuna aliyesogea. Shangazi Yusta alijifunika uso kwa kanga. Sauti ilikuwa nzima, safi, haina mkwaruzo hata mmoja, na ilikuwa ya Anjela. Juliana mwenyewe aliisikia. Aliweka vidole mdomoni kama anayetaka kuirudisha ndani.

"Limerudisha lilichochukua," bibi akasema baadaye, wakiwa mlangoni. "Lakini limekirudisha likiwa limeshakitumia. Hapo sina dawa, mwanangu. Mshukuru Mungu anahema."

Matanga yakaanuliwa. Santuri na CD Vitus alizichoma moto, na Vishal hakumuuliza kitu. Kwaya ilimngoja Juliana, hakwenda. Sokoni ananyoosha kidole anapotaka nyanya. Nyumbani anajibu kwa kichwa, na mumewe, aliyekuwa tayari kumuuza kwa ajili ya sauti ile, sasa huomba kimoyomoyo asiseme, kwa sababu kila neno linamzika mtoto upya.

Siku moja asubuhi Vitus aliondoka dukani kufuata funguo alizosahau nyumbani. Alipofika mlango wa uani akasikia watu wanaongea jikoni, akasimama.

"Mama?"

"Bee, mwanangu."

"Umekula?"

"Nimekula, mama. We usiwe na wasiwasi."

"Umekula kweli, au unanidanganya?"

Kilikuwa kinywa kimoja tu, cha Juliana, kikiuliza na kujibu. Vitus akakaa kwenye ngazi, akaziba uso kwa viganja vyenye grisi, na hakuingia ndani mpaka walipomaliza kuzungumza.