Aliyemgusa Hatoki

"Weka nyundo chini, dada! Mama si mbuzi wa kufungiwa."

"Nyamaza wewe. Mganga kasema dirisha lipigiliwe misumari, jini asipate pa kutokea mpaka yeye mganga aje na mafusho yake."

"Na daktari kasema ni kuvu! Inakula pua, inapanda jichoni. Asipolazwa leo, tutamzika."

"Kuvu gani inaongea usiku kwa kinywa chake?"

Mdogo mtu akausogelea mlango wa chumba cha mama. Mama yao alikuwa fundi wa magodoro. Pale karakanani wote walivuta vumbi la pamba kuukuu, wakapiga chafya, yakaisha. Lakini mama alikuwa akimeza vidonge vikali vya maumivu ya viungo, na daktari alisema vimeidhoofisha kinga ya mwili wake. Kwanza kidoa cheusi kilitokea puani. Kisha chumba kikaanza kunuka pamba mbichi, na uji aliopelekewa ukaota manyoya kabla haujapoa. Hilo daktari hakuliona.

"Nitambeba mwenyewe," mdogo mtu akasema, akaingia.

Aliposhika tu mkono wa mama, mlango ukafungwa nyuma yake.

"Dada!"

"Umemgusa." Sauti ya dada yake ilitetemeka. "Mganga kasema aliyemgusa hatoki kabla ya mafusho. Nina watoto mimi, mdogo wangu. Nisamehe."

Misumari ikaingia mlangoni mmoja baada ya mwingine, kama ilivyokwisha kuingia dirishani. Ndani kukawa giza mchana kweupe, na mdogo mtu akasikia kitu kikitambaa ukutani kwa sauti ya pamba inayochambuliwa, taratibu, kutoka kwenye godoro hadi darini, kutoka darini hadi juu ya kichwa chake, na kila alipopumua ile harufu mbichi ilimwingia kooni ikakaa, na mama, ambaye hakuwa ameinua kichwa tangu juzi, akageuka, akamtazama kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka, akatabasamu tabasamu lisilo lake.

Mvua ikamchelewesha mganga. Mayowe ya mdogo mtu yakawa kikohozi, kisha kikohozi kikanyamaza. Hapo dada yake akashindwa kuvumilia. Akang'oa misumari huku analia. Ulipobaki mmoja, akabandika sikio mlangoni.

"Mdogo wangu, u mzima?"

Sauti ya mdogo wake ikajibu kwa upole, karibu kabisa na mbao:

"Usifungue bado, dada. Huyu mdogo wako bado ana nguvu kidogo. Ngoja achoke."