Mzigo Unaokaa Darini

Katika ukoo wa Felisian, dari mpya haiwekwi kitu mpaka mwenye nyumba aikanyage. Hupanda juu akaruka, na walio chini husikiliza. Kukiwa kimya, dari imepita. Babu zake walifanya hivyo na dari za miti pale kijijini Mollo. Felisian naye akafanya hivyo na dari yake ya kisasa, ya mabamba membamba ya saruji iliyochanganywa na nyuzi za katani. Mabamba aliyafyatua mwenyewe, na hakuna jirani ambaye hakuambiwa. Akaruka. Dari ikanyamaza. Mkewe, Hellena, akapiga vigelegele.

Zamani mahindi hayakukaa sana darini. Lori la ushirika lilikuja baada ya mavuno, likazoa yote. Sasa biashara ilikuwa huria, na ushirika ulikuwa hoi. Wanunuzi binafsi walitoa bei ya kutupa wakati wa mavuno. Aliyetaka bei nzuri alisubiri mpaka masika. Basi magunia ya Felisian yakapanda juu, yakakaa.

Chini ya dari hiyo, karibu na mafiga, alilala mama yake Felisian, Bibi Silvana. Baridi ya Ufipa haina mchezo, na bibi hakutaka kusikia habari ya chumba kingine.

Siku moja Hellena alikuwa anasonga ugali. Vumbi la saruji likamdondokea mkononi. Akainua macho. Bamba la katikati lilikuwa limebonyea, na ufa mwembamba ulipita chini yake.

"Baba Justina, njoo uone. Dari inashuka."

Felisian akatazama, akacheka. "Itashukaje? Si niliruka hapo hapo? Kishindo changu kiliyazidi hayo magunia."

"Wewe uliruka ukashuka. Magunia hayajashuka."

"Mke wangu, unaogopa ufa kama unywele!"

Hellena alikasirika, lakini hakubishana. Alijifunga kanga, akaenda kwa jirani yao Epifania, aliyefundisha ujenzi katika chuo cha ufundi mjini. Jioni Epifania akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunihamisha?"

"Ndiyo, mama. Leo leo."

Bibi akaguna. Felisian akanuna. "Fundi, dari hii niliijaribu mbele ya watu."

"Najua, kaka. Kuruka kwako kulionyesha kwamba inabeba mzigo wa ghafla. Saruji yenye nyuzi ina tabia yake. Mzigo ukija upesi na kuondoka upesi, huweza kubeba mkubwa zaidi, maana ufa haupati muda wa kutambaa. Mzigo mdogo ukikaa miezi, ufa hutambaa, na nyuzi huchomoka kidogo kidogo. Mwishowe bamba huvunjika kwa uzito ambao siku ya kwanza lililibeba vizuri."

"Kwa hiyo niwe narusha magunia upesi upesi?"

"Thubutu! Gunia likitupwa hupiga kwa nguvu kuliko uzito wake."

"Na mbona bamba halijaanguka?"

"Nyuzi zinalishikilia. Zinakupa nafasi ya kuona hatari. Usizichoshe."

Bibi akahamia chumbani, akinung'unika njia nzima. Magunia yakashushwa. Lakini Felisian bado alikuwa na lake moyoni. Alichukua bamba zima la pembeni, akalilaza uani, ncha zake mbili juu ya matofali, akalipanda na kuruka. Likakaa imara.

"Mnaona?" akasema.

"Sasa lipakie kama lilivyopakiwa lile la katikati," Epifania akamwambia. "Halafu liache."

Likaachwa. Kila asubuhi Felisian alipita, akaligonga kwa kidole, akatabasamu. Wiki zikapita. Kisha akaona limeanza kubonyea, naye akaacha kutabasamu. Jumapili moja walirudi kutoka kanisani wakakuta magunia yako chini. Bamba lilikuwa limekunjika katikati, nyuzi zimetokeza nje. Hapakuwa na mtu aliyeligusa.

Felisian akainama, akazigusa zile nyuzi. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama alikuwa anaelekeza kichwa upande gani?"

"Wa mafiga," Hellena akajibu. "Chini ya lile la katikati."

Felisian akakaa chini pale pale, na nguo zake za kanisani. Aliogopa, na hakuficha.

Kesho yake alimwita Epifania. Wakaongeza boriti na nguzo, ili bamba lisivuke nafasi pana. Wakafyatua mabamba mazito zaidi. Magunia mengi yakawekwa kwenye kichanja karibu na ardhi, na darini vikabaki vitu vyepesi. Safari hii dari ilipakiwa mzigo wa kuijaribu, ukaachwa wiki nyingi, huku wakipima kama inabonyea. Haikubonyea.

Masika mahindi yakauzwa kwa bei nzuri. Bibi Silvana alisharudi mahali pake karibu na mafiga. Kila asubuhi analalamika kwamba ile nguzo mpya inamzuia kunyoosha miguu. Felisian humsikiliza mpaka mwisho, wala hamkatizi.