Milango Mia Tatu na Kumi na Mmoja

Nyemo Chilongani aligusa kioo cha kompyuta yake, na milango elfu arobaini ya Dodoma ikaanza kujirekebisha. Ndivyo kilivyofanya kazi kijenzi-mama: mchoro mmoja wa mlango, uliochorwa mara moja tu, ukapachikwa katika ramani za nyumba zote. Ukibadili mama, wana wote hufuata. Na tangu kuta zilipoanza kufinyangwa kwa udongo-hai, nyumba zenyewe zilifuata ramani ndani ya saa moja.

Asubuhi ile ile mhandisi huyo wa jiji alikuwa pia akisafisha maktaba ya michoro. Alikuta milango mia tatu na kumi na mmoja isiyolingana na mingine, mipana au mifupi, bila maelezo yoyote. Uzembe wa walionitangulia, aliwaza. Akaifuta yote, akaweka ule wa kawaida mahali pake.

Kabla ya adhuhuri simu ikaita; alisikia sauti ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Naitwa Chiwanga, nipo Kizota. Mlango wa chumbani umebana. Mke wangu yumo ndani, kiti chake cha magurudumu hakipiti. Na leo ni siku yake ya kusafishwa damu, gari la hospitali linangoja nje."

Nyemo alijaribu kuurudisha mlango wa zamani. Ulikuwa umefutika kabisa. Ilibaki njia moja: kuutenga mlango ule na kijenzi-mama, auchore upya kwa mkono.

"Mzee, nikiutenga hautapokea tena amri za jiji. Moto ukitokea, hautajifungua wenyewe."

"Moto ukitokea nitaufungua mimi. Wewe chora."

"Kiti kina upana gani?"

Alisikika akienda kupima kwa mkono. "Shubiri tatu, na vidole vitatu."

Akachora, akaongeza vidole viwili vya nafasi. Dakika zikapita. Kupitia simu alisikia ukuta ukikoroma, kisha magurudumu yakisaga sakafu, na sauti ya mwanamke iliyochoka:

"Nani aliyenifungia?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe," Nyemo alisema kwenye simu.

"Kwani hukujua humu mna mtu?"

Gari lilipoondoka, Nyemo alifungua orodha ya milango aliyoifuta. Ilibaki mia tatu na kumi, kila mmoja na anwani na namba ya simu. Akapiga namba ya kwanza.

"Hodi," alisema ilipopokelewa. "Naomba kuuliza habari za mlango wenu."