Kitabu Kilichobanwa kwenye Mashine

Fundi alikuwa akijalidi vitabu sebuleni kwake. Alishona kurasa, akapaka gundi, kisha akakibana kitabu kwenye mashine ya chuma hadi kesho yake. Kitabu kipya kisichobanwa, alisema, hupinda kama kandambili iliyoachwa juani.

Siku moja mteja alirudisha kitabu. Kurasa kumi na sita zilishonwa juu chini. Hapo mke wa fundi akajua kwamba mumewe haoni vizuri.

Hospitalini daktari hakuficha. "Ni presha ya macho, mzee. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone italinda kilichobaki, kwa muda."

Fundi aliacha kazi. Vitabu vyake vilijaa ukutani na hakuweza kusoma hata kimoja. Akawa mkali. Alimfokea mkewe kwa chai baridi, na pia kwa chai ya moto. Dawa aliisahau makusudi.

Jirani yao, mkutubi, alimletea kifaa cha kielektroniki cha kusomea vitabu, kilichovikwa jalada kama kitabu. "Jaribu hiki, mzee," alisema, akawahi kazini.

Fundi alikipapasa. Hakikuwa na uzi, na alihisi jalada limelegea. Akafanya alilofanya maisha yake yote: alikitia kwenye mashine, akakaza. Kioo kikapasuka.

"Umekiua, baba watoto," mkewe alisema. Fundi aliona aibu mpaka akalia.

Mkutubi alipokiona, alishusha pumzi. "Kosa ni langu. Nilikuachia bila maelezo."

Kesho yake alileta kingine, akaketi naye.

"Humu mna vitabu mia mbili. Kioo chake hakiumizi macho kama cha simu, na chaji hukaa wiki kadhaa. Ukibonyeza hapa, herufi zinakua."

"Ongeza."

"Hivi?"

"Ongeza tena, mwanangu."

Maneno manane tu yakajaa kioo. Fundi alisoma neno moja, halafu la pili. Mkewe aliacha kufagia.

"Na nikipofuka kabisa?" fundi aliuliza.

"Inaweza kutokea," mkutubi alijibu. "Kifaa hiki kina sauti, kitakusomea. Na maktaba yetu itaanza kuazimisha vitabu kwa mtandao. Hutahitaji kutoka nyumbani."

Fundi alikisogeza kifaa karibu na uso. "Basi siku hiyo nitasikiliza. Leo msiniongeleshe."

Tangu hapo alitia dawa asubuhi na jioni bila kukumbushwa, maana sasa alikuwa na cha kutazama. Kabla mwaka haujaisha, jicho la kushoto lilizima. Alikuwa katikati ya kitabu cha tisa. Akaongeza herufi, akaendelea na la kulia.